Taa na matunzo ya Acropora katika tangi dogo, kwa tulioko nyanda za juu

Taa kali juu ya maji ambayo vipimo vyake vinayumba huua Acropora, tumbawe gumu lenye matawi, upesi kuliko taa hafifu. Ndiyo maana somo hili linaanza na maji, ingawa najua wengi mmekuja kwa ajili ya taa. Mfano wetu ni tangi la lita 60.

Hatua ya 1: Maji
Liache tangi likomae walau miezi sita, ukiwa na matumbawe laini tu. Tumia chumvi maalumu ya akwariamu, kamwe si ya jikoni, katika maji ya RO, yaani yaliyosafishwa kwa kusukumwa kupitia chujio laini sana. Lenga uzito wa maji (ukilinganishwa na maji matamu) wa 1.025 hadi 1.026, joto nyuzi 25 au 26, alkalini, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, 8 kwa kipimo cha dKH, kalsiamu miligramu 420 kwa lita na magnesiamu 1,300. Usifukuzane na namba kamilifu. Alkalini ya 7.5 isiyotikisika ni bora mara nyingi kuliko inayoruka kati ya 7 na 9. Pima saa ileile kila mara. Maji yakipungua kwa kukauka, jaza maji matamu ya RO peke yake, kwa sababu chumvi haipandi na mvuke.

Hatua ya 2: Joto
Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai mnaujua. Weka hita mbili za wati 75 badala ya moja kubwa. Moja ikifa, nyingine inashikilia. Moja ikikwama ikiwa imewaka, haipiki tangi zima kwa haraka.

Hatua ya 3: Taa
Ndani ya nyama ya tumbawe wanaishi mwani wadogo sana wanaotumia mwanga kulitengenezea chakula. Mwanga ukizidi ghafla, mwani hao wanadhurika, tumbawe linawatoa, nalo linabaki jeupe. Acropora hustawi kwenye PAR, yaani kipimo cha mwanga ambao mwani hao huweza kuutumia, ya 200 hadi 350. Kipande kipya kianzie chini, taa ikiwa asilimia 40, kisha ongeza asilimia 5 kila wiki. Saa tisa za mwanga zinatosha, nyeupe ikipata tano au sita za katikati na zilizobaki zikiwa bluu. Tumia swichi ya saa. Programu ya simu ya kupima mwanga itakudanganya kwenye taa za bluu. Mkiweza, changieni kipimo cha PAR mkizungushe.

Hatua ya 4: Mkondo
Pampu zizungushe lita 1,200 hadi 2,400 kwa saa, mkondo uvurugike, usilipige tumbawe lolote moja kwa moja.

MASWALI YA WANACHAMA

Uyole: Shikamoo mwalimu. Umeme ukikatika usiku kucha?
Marahaba. Hewa kwanza, joto baadaye. Huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji hubeba oksijeni pungufu kuliko ya pwani yenye joto lilelile. Washa pampu ya hewa ya betri, ndipo ufunike tangi kwa blanketi pande zote, juu ukiacha upenyo. Chupa za maji ya moto zilizofungwa vizuri zinaweza kuelea humo.

Njombe: Dirisha langu linapata jua la asubuhi. Halipunguzi gharama ya taa?
Hamisha tangi, ndugu yangu. Jua la dirishani hubadilika na mawingu na majira, linapasha maji na kulisha mwani wa kwenye vioo.

Tukuyu: Nikishuka Dar, nivunje kipande kidogo baharini?
Hapana, tafadhali. Miamba yetu ina mzigo wa kutosha, na matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Nunua kipande kilichokuzwa tangini, chenye vibali vyake.

Makambako: Tumbawe langu limekuwa kahawia, la rafiki yangu linachubuka nyama kuanzia chini. Taa?
Lako, pengine ndiyo: mwanga mdogo, au virutubisho vya majini, yaani naitreti na fosfeti, vikiwa vingi. Pima hizo mbili kabla hujagusa taa. La rafiki yako lisiongezewe mwanga hata kidogo. Apime alkalini leo jioni na kesho saa hiyohiyo. Tofauti ikizidi 0.5 dKH, hapo ndipo pa kuanzia. Mchubuko ukiendelea kupanda, akate ncha zenye uhai, sentimita mbili juu ya palipochubuka, azibandike kwenye jiwe jipya.