Wosia wa kidato cha nne: gawa vitu, usigawe watu

Mnaoandika wosia wa kuwaaga mnaowaacha shuleni kabla ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, chekesheni kwa vitu, si kwa majina ya watu.

Sisi, hapa Kisumu, tuliwarithisha kidato cha tatu kitanda cha juu kando ya dirisha "pamoja na mbu wake wote", ndoo ya bluu isiyo na mkono, na kijiko kilichopindwa na githeri ya Jumanne. Ukumbi ukapasuka. Mstari uliofuata ukamwachia kijana mmoja wa kidato cha pili "kigugumizi chetu sote". Kimya. Mwalimu wa zamu akatazama viatu vyake. Mstari huo niliuandika mimi, na ule usiku nauona mrefu hadi leo.

Basi chagueni kitu ambacho kila mtu amekishika, mtaje kasoro yake halisi. "Ndoo mbovu" haimchekeshi mtu. Isiyo na mkono, iliyofungwa kamba ya kiatu, hiyo sawa. Ukurasa mmoja unatosha. Asome yule anayeweza kukaza uso, maana msomaji akicheka kwanza, utamu umekwisha. Mwalimu auone mapema, si asubuhi ya siku ya maombi wazazi wakishuka kwenye matatu.

Na msiwasahau wa Gredi ya 10 walioingia Januari 2026 kwa mtaala mpya, usio na vidato. KCSE ya mwisho ya 8-4-4, mfumo wa zamani wa vidato au "fomu", ni 2027, kwa hiyo hao waachieni neno "fomu" lenyewe, walitunze kama la makumbusho.