Mipangilio ya folda katika Emacs: namna ya kuiandika isomeke

Tangu toleo la 23 la mwaka 2009, kihariri cha maandishi cha Emacs humruhusu mtumiaji kuweka faili liitwalo `.dir-locals.el` ndani ya folda ya mradi, na mipangilio iliyomo hutumika kwa mafaili yote ya folda hiyo pamoja na folda zilizo chini yake. Wengi hulinakili kutoka kwa wenzao bila kulielewa, kwa kuwa limejaa mabano na nukta, ilhali baadhi ya alama hizo si za lazima.

Hatua ya 1. Fungua faili hilo katika folda kuu ya mradi, uandike kwa mtindo uliozoeleka:

```
((nil . ((indent-tabs-mode . nil)
         (fill-column . 80)))
 (python-mode . ((fill-column . 88))))
```

`nil` inayoanza kifungu inahusu modi zote, yaani hali za uhariri ambazo Emacs huchagua kwa kila aina ya faili, kama `python-mode` kwa Python. Ile inayofuata `indent-tabs-mode` ni thamani, na inaagiza mistari ijongezwe kwa nafasi za kawaida pekee, bila herufi za Tab. `fill-column` ni kikomo cha upana wa mstari.

Hatua ya 2. Ondoa kila nukta inayofuatwa na bano la kufungua, pamoja na bano hilo na mwenzake wa kufunga:

```
((nil
  (indent-tabs-mode . nil)
  (fill-column . 80))
 (python-mode
  (fill-column . 88)))
```

Kwa Lisp, lugha ambayo mipangilio ya Emacs huandikwa kwayo, maandishi haya mawili ni kitu kilekile. Nukta hutenganisha kichwa cha jozi na mkia wake, na mkia ukiwa orodha, nukta na mabano ya orodha hiyo huwa ziada. Nukta iliyo kati ya jina la kigeu na thamani kama 80 isiguswe, kwa sababu hapo mkia si orodha. Thamani yenyewe ikiwa orodha, kanuni inaruhusu kuiondoa nukta, lakini mimi huiacha ili msomaji aone mara moja jina limeishia wapi. Usitangulize alama ya `'` mbele ya thamani, maana thamani hizi hazikokotolewi.

Hatua ya 3. Hifadhi. Mafaili yaliyokwisha kufunguliwa hayatabadilika hadi uyafungue upya au utumie `M-x normal-mode` (`M-x` ni Alt pamoja na x).

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, Emacs inaniuliza kama nikubali thamani fulani. Nibonyeze nini?*

Huuliza inapokuta thamani isiyojua kuwa ni salama. `y` hukubali kwa sasa, `n` hukataa, na `!` hukubali na kuikumbuka thamani hiyo daima. Ukiona `eval` katika mradi wa mtu usiyemfahamu, soma kwanza, kwa sababu hiyo ni programu itakayoendeshwa kwenye kompyuta yako.

*Nimeweka faili jingine katika folda ya tests, na mipangilio ya juu imepotea. Kwa nini?*

Emacs hupanda folda kwa folda na kusimama kwenye faili la kwanza inalolikuta, haiyaunganishi. Lifute lile la tests, kisha ongeza kifungu hiki katika faili kuu, kabla ya bano la mwisho:

```
 ("tests"
  (nil
   (fill-column . 100)))
```

*Je, mapendeleo yangu binafsi, ambayo sitaki yaingie kwenye Git?*

Kuanzia toleo la 26, yaandike katika `.dir-locals-2.el` kwenye folda ileile, na jina hilo uliongeze katika `.gitignore`, orodha ya mafaili ambayo Git, mfumo wa kutunza matoleo ya mradi, huyapuuza.

*Wenzangu hawatumii Emacs kabisa.*

Basi ujongezaji na urefu wa mistari viandikwe katika `.editorconfig`, ambayo vihariri vingi huisoma. Emacs 30 imekuja na `editorconfig-mode` ndani yake, iwashe tu.