Pima makali ya kisu chako kwa kamba ya katani

Naongoza wageni kwa miguu milima ya Usambara. Kisu changu huanza kazi alfajiri kwa kuchonga vijiti vya kuwashia moto, mchana kinamenya muhogo, na siku za mwisho wa safari kinachuna mbuzi. Watu huniuliza kisu gani kinadumu na makali. Ni bora upime mwenyewe, kwa sababu visu viwili vinaweza kuwa butu siku moja na ugonjwa wao ukawa tofauti kabisa.

Tafuta mizani ya jikoni ya kidijitali, mizani ya kupimia uzito wa mtu, uzi wa kushonea, wembe mpya, kibao cha mbao laini, maka peni, kinoo, mkanda wa ngozi, na kamba ya katani ya milimita 10. Kwetu katani haina shida. Ukishuka Mombo tu unaanza kuona mkonge.

Hatua ya 1: Noa visu vyote kwa pembe moja

Usipime makali ya dukani. Mashine ya kusagia mara nyingi huunguza ukingo na kuulainisha, kwa hiyo noa mara mbili tatu mpaka ufikie chuma kizima. Pembe nayo hudanganya: kisu cha digrii 15 kitakishinda cha digrii 25 hata kama chuma chake ni hafifu. Mimi natumia digrii 20 kila upande. Pima upana wa bapa, zidisha kwa 0.34, na jibu ndilo kimo cha mgongo wa kisu juu ya kinoo. Bapa la milimita 25 linataka mgongo uinuke milimita 8 na nusu.

Paka makali wino wa maka peni kisha noa. Wino ukibaki kwenye ukingo wenyewe, bado hujaufikia, endelea. Mwishoni utasikia kwa kidole kinyuzi cha chuma upande wa pili wa makali. Kiondoe kwenye mkanda wa ngozi, ukivuta kisu kwa kutanguliza mgongo. Ukikiacha, kitakata vizuri mara chache, kikunjike, na kipimo chote kitakuwa bure.

Hatua ya 2: Pima ukali kwa uzi

Kaza uzi juu ya mdomo wa kopo, ubandike pande zote mbili, weka kopo kwenye mizani ya jikoni na urudishe namba kwenye sifuri. Shusha makali juu ya uzi taratibu, bila kuvuta mbele wala nyuma, mpaka ukatike. Mwenzako asome namba kubwa iliyotokea. Anza na wembe mpya ili upate cha kulinganishia. Rudia mara 5 kwa kila kisu, uchukue namba ya katikati.

Hatua ya 3: Kata katani

Sheffield, Uingereza, maabara ya CATRA, inayopima visu, hutumia mashine inayokatisha kisu kwenye kadi zilizochanganywa na silika asilimia 5. Silika ni mchanga, na ndiyo iliyomo kwenye vumbi la manyoya ya mbuzi. Hatuna mashine hiyo, lakini nyuzi za katani ni kavu na ngumu, nazo hula chuma. Kamba ya plastiki haifai, inateleza tu.

Weka kibao juu ya mizani ya mtu na kamba juu ya kibao. Chora alama mbili kwenye bapa, sentimita 4 kati yake, ukate kwa sehemu hiyo pekee. Kandamiza moja kwa moja chini, usikate kama msumeno. Andika mizani ilisoma kilo ngapi kamba ilipokatika. Kila baada ya makato 20, rudi kwenye uzi. Kilo zikifika mara mbili ya mwanzo, simama. Kamba iwe kavu, ya roli moja kwa visu vyote, na mkono wa kushikia ukae mbali na njia ya kisu.

Hatua ya 4: Tazama makali yamekufaje

Hapa ndipo wengi huacha, wakati jibu lenyewe liko hapa. Elekeza makali juu chini ya taa. Makali mazima hayaonekani. Yaliyokufa hung'aa mstari mweupe. Kisha yapitishe polepole kwenye pamba. Ikinasa nyuzi upande mmoja tu, makali yamejikunja. Ikinasa mahali pamoja pamoja, yamemeguka. Isiponasa popote, yamelika.

Nina kisu kilichofuliwa kutoka spring ya gari. Kwenye katani kilishindwa mapema, nikakihesabu kibovu. Nikakipitisha mara 10 kwenye mkanda wa ngozi, na namba ya uzi ikarudi karibu na pale ilipoanzia. Chuma hakikuwa kimelika, kilikuwa kimelala tu. Kisu cha D2, chuma cha kutengenezea zana chenye kromiamu karibu asilimia 12, kilikata kamba nyingi zaidi, ila kilipochoka mkanda haukukisaidia kitu.

Hatua ya 5: Muhogo mbichi

Kudumu na makali si kukata vizuri. Kata muhogo mnene kwa kukandamiza. Ukisikia unapasuka kabla kisu hakijafika chini, bapa ni nene nyuma ya makali, na hakuna kunoa ukingo kutakakoliponya.

Hatua ya 6: Shika saa

Noa kila kisu kwa kinoo kile kidogo unachobeba safarini, uhesabu dakika mpaka namba ya uzi irudi ya mwanzo. Ziandike pembeni ya idadi ya makato. D2 yangu ilinila muda mrefu, kisu cha spring kikarudi maji ya chai hayajachemka, na ndicho ninachokivaa kiunoni. Vipande vya katani visitupwe: vichambue viwe laini, kesho vinashika moto kwa cheche moja.