Somo: Kuwahi ateri za figo kwenye MRI kabla pumzi haijakata

Wakuu, salaam kutoka Moshi. Kasi hapa haitokani na mashine kukimbia. Inatokana na kukusanya data chache, kwa wakati wake.

1. Anza na kreatinini, kipimo cha damu cha figo. eGFR, yaani kasi ya figo kuchuja, ikiwa chini ya 30, usiguse gadoliniamu, dawa ya kung'arisha mishipa, kabla hujaongea na radiolojisti, hasa kama dawa mliyonayo ni ya aina za zamani.

2. Funga koili (antena ya kunasa ishara) yenye vipokezi vingi, ikalie tumbo sawasawa. Kila kipokezi kinasikia kutoka pembe yake, ndiyo maana tunaweza kuruka mistari ya k-spesi, yaani data ghafi inayogeuzwa kuwa picha, na kompyuta ikajaza. Njia za kujaza: SENSE ilitoka 1999, GRAPPA 2002. Ukiruka nusu ya mistari, muda unapungua kwa nusu na ishara inashuka kama asilimia 30. Biashara nzuri.

3. Fundisha pumzi nje ya mashine, mkono wako ukiwa juu ya tumbo lake: vuta, toa, bana. Bibi wa Kibosho hataelewa sauti ya spika katikati ya kelele zile. Mwambie kwa Kichaga mapema.

4. Piga picha ya kabla ya dawa, kwa pumzi ileile. Ndiyo utakayoiondoa baadaye kwenye picha ya dawa, ibaki mishipa tu.

5. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Katikati ya k-spesi ndiko kwenye weupe wa mshipa. Pembezoni kuna ncha na kingo tu. Sukuma dawa, ifuatishe salaini, huku ukitazama aota, ateri kuu ya mwili, kwa vipicha vya harakaharaka. Ikiwaka, amuru pumzi, kisha anza na katikati. Ukiwahi mno, dawa bado inapanda, ateri inatoka na mstari mweusi katikati na mtu anaweza kudhani ukuta umechanika. Ukichelewa, vena za figo zimeshawaka, zinafunika kila kitu.

Swali, Sakina, Arusha: Shikamoo mwalimu. Nikiharakisha mara nne, yaani nichukue mstari mmoja tu katika kila minne?

Marahaba. Ishara inabaki nusu, na juu yake kuna chengachenga zinazojaa katikati ya mwili, palepale ateri za figo zilipo. Ukilazimika, gawa kasi hiyo mbili kwa mbili, uruke mistari katika pande mbili za picha ya 3D badala ya upande mmoja.

Swali, Majengo: Mgonjwa ambaye dawa haimfai kabisa?

Ipo njia isiyo na dawa: unazima ishara ya tumbo, unasubiri damu mpya iingie ikiwa nyeupe, huku mashine ikifuata pumzi zake. Inachukua dakika kadhaa, ila anapumua kama kawaida. Asilale tu, maana pumzi za usingizini hubadilika na mashine inaanza kusubirisubiri.