Somo: Kuvuna mboga za asili nyumbani bila kuwafukuza wadudu wenye faida

Somo hili linawahusu wenye viwanja vidogo hapa Dar es Salaam wanaopanda mchicha, kunde, mgagani na matembele nyuma ya nyumba kwa ajili ya chungu chao wenyewe. Anayelima kwa ajili ya soko ana hesabu zake. Bustani ya nyumbani inaweza kuvumilia jani lenye matundu, na uvumilivu huo ndio unaowezesha yote yanayofuata.

Hatua ya kwanza ni tuta. Udongo wa sehemu nyingi za jiji ni kichanga kisichoshika maji, kwa hiyo changanya samadi iliyooza vizuri, kisha panda vuli inapoanza. Mbegu za mchicha ni ndogo mno. Zichanganye na mchanga mkavu ili zisirundikane unapozisia. Matembele hupandwa kwa vipande vya shina vya sentimita 20 hadi 30, nusu ikifukiwa.

Hatua ya pili ni kuvuna kwa kukata. Mchicha huwa tayari baada ya wiki 3 hadi 4. Wengi tumezoea kuung'oa na mizizi yake, kama unavyouzwa kwa mafungu, lakini ukiukata sentimita 10 hivi juu ya ardhi na kuacha macho kadhaa kwenye shina, utachipua tena. Majani ya kunde yachumwe yangali machanga.

Hatua ya tatu, ambayo wengi huiruka, ni kuacha maua. Acha mashina machache ya kila mboga yachanue na kukomaza mbegu, na pembeni panda kivumbasi, ambacho watu wa Pwani hukitumia kufukuzia mbu ilhali nyuki hukifuata kwa hamu. Wapo pia nyigu wadogo sana wanaokula utamu wa maua, kisha wakataga mayai ndani ya vidukari (wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea) na viwavi, na mabuu yakiangua humla mwenyeji wao kutoka ndani. Bustani inayong'olewa yote kwa mkupuo haiwaachii wadudu hawa chakula chochote.

Hatua ya nne ni kutazama kabla ya kunyunyiza. Geuza majani ya kunde na ukague vikonyo, ambako vidukari weusi hupenda kujikusanya. Ukiwaona kati yao mbawakavu wadogo wa mviringo, wekundu wenye madoa meusi, usifanye lolote kwa siku chache, kwa sababu wao na mabuu yao hula vidukari. Wasipokuwapo, rushia maji kwa nguvu, au nyunyiza jioni maji yenye kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa kila lita. Dawa kali ya dukani huua pande zote mbili, na vidukari, ambao majike yao huzaa bila kupandwa, hurejea upesi kuliko maadui zao.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kigamboni: Shikamoo mwalimu. Maboga yangu yanachanua sana lakini maua yote yanadondoka. Je, ni wadudu?

Jibu: Marahaba. Huenda si wadudu, kwa kuwa maua ya kwanza ya mboga hii kwa kawaida ni ya kiume na hudondoka yenyewe. Ua la kike lina kiboga kidogo chini yake. Likidondoka hilo pia, yumkini nyuki ni wachache: chuma ua la kiume asubuhi na mapema, toa petali zake, upake chavua katikati ya ua la kike kabla halijajifunga.

Mwanachama wa Goba: Mwembe wangu umejaa majimoto. Niwachome moto?

Jibu: Hapana, dada. Majimoto, wale sisimizi wakali wa mitini, huwinda wadudu wengine, na kwenye minazi huwazuia kunguni wanaofyonza nazi changa hadi zikapukutika. Epuka tu kuupanda mwembe huo. Angua maembe kwa upembo.