Namna ya kulinganisha faida za benki ndani ya ukanda wa euro

Mimi huanza na mikopo ya nyumba. Benki Kuu ya Ulaya ilipandisha riba ya amana (inayozilipa benki kwa fedha zinazoweka kwake) kutoka -0.5% katikati ya 2022 hadi 4% Septemba 2023, riba moja kwa wote. Lakini Ureno, mikopo mingi ya nyumba wakati huo ilifuata Euribor, riba ya benki kukopeshana ambayo hupanda na kushuka, hivyo mapato ya benki yalipanda upesi. Ufaransa, riba ya mkopo hufungwa isibadilike hata miaka 20, huku akiba ya Livret A, ambayo riba yake hupangwa na serikali, ikilipa 3% kuanzia Februari 2023. Benki za huko zikabanwa pande zote mbili.

Kisha kagua mikopo chechefu, yaani isiyolipwa inavyotakiwa: Ugiriki mwaka 2016 ilikaribia nusu ya mikopo yote. Gharama za uendeshaji zigawanye kwa mapato. Na tafadhali, faida ipime dhidi ya mtaji.