Kuongeza Vyumba Moshi kwa Saruji Kidogo

Mwenye nyumba Moshi anayetaka kuongeza vyumba bila kuzalisha hewa ukaa nyingi aanze kwa kukagua kisichohitaji kubomolewa. Ukuta wa zamani ulionyooka, usio na ufa unaopanda kutoka msingini hadi kwenye lenta, yaani mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, uachwe na upigwe plasta upya, hata kama fundi anasisitiza kwamba kuanza upya ni rahisi zaidi.

Mzigo mkubwa wa hewa ukaa umo kwenye saruji. Mawe ya chokaa huchomwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 1450 hivi, na zaidi ya nusu ya hewa ukaa inayotoka hapo hutoka ndani ya jiwe lenyewe, wala si kwenye makaa. Tofali la kuchoma nalo hula kuni, kwa hiyo kuwa kwake la udongo hakuliponyi. Kwa kuta, chaguo langu ni tofali la udongo na saruji kidogo lililoshindiliwa kwa mashine, likiwemo lile la kufungamana linalohimizwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ambalo halihitaji saruji ya kuunganishia katika kila kozi, yaani kila mstari wa tofali.

Udongo upimwe kabla ya kukodi mashine. Ondoa tabaka la juu lenye mboji, chimba ule wa chini, kisha tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana wa 4 na kina cha 4, ukipake mafuta ndani. Kijaze udongo uliolowanishwa, ushindilie hadi kwenye pembe, ukianike juani siku 3 au kivulini siku 7. Usukume udongo wote upande mmoja na upime nafasi iliyobaki. Ikiwa chini ya milimita 15, changanya ndoo 1 ya saruji kwa 18 za udongo. Kati ya 15 na 30, kwa 16. Kati ya 30 na 45, kwa 14. Na hadi 60, kwa 12. Ukizidi hapo, kama unavyoweza kuzidi udongo mwekundu wenye mfinyanzi mwingi, ongeza mchanga na upime tena.

Maji ndiyo huharibu kazi ya wengi. Finyanga donge la mchanganyiko mkononi, liachie lianguke kutoka usawa wa bega: likivunjika vipande vinne hadi sita, fyatua, likibaki bonge moja, maji yamezidi, likisambaratika, yamepungua. Tofali zifunikwe kwa nailoni kivulini na kumwagiliwa kwa siku 7 angalau, na zisijengewe kabla ya siku 28.

Msingi, nguzo na lenta vibaki vya zege na nondo, kwani ukanda huu wa Bonde la Ufa hupata matetemeko. Hapo, ili kupunguza hewa ukaa, nunua saruji yenye pozolana, yaani majivu ya volkano. Mfuko wake huandikwa CEM II au CEM IV pamoja na herufi P. Zege lake hukomaa polepole, basi fundi asiharakishe kufungua mbao za fomu zinazolishikilia.

Kenchi, yaani fremu zinazobeba paa, ziwe za mbao za miti ya kupandwa, paini au saiprasi, zilizotiwa dawa ya mchwa, na muuzaji akuonyeshe kibali cha kuzisafirisha kabla hujalipa.